Printa Iliyokula Mstari wa Mwisho

Siku ya punguzo la bei watu wenye akili zao timamu hukanyagana. Duka lile la vifaa vya umeme lilifunguliwa saa mbili asubuhi, na ilipogonga saa tatu hapakuwa na pa kutia mguu. Mabango mekundu yalining'inia darini, kipaza sauti kilipiga kelele, na karibu na mlango wanawake wawili walivutana pasi moja ya umeme, kila mmoja akiapa kwamba yeye ndiye aliyeiona kwanza. Katikati ya patashika hiyo alisimama mwanamke mrefu mwenye gauni la kijani na viatu vya chini, miwani ikining'inia kifuani kwa mkufu, na mikononi amekumbatia boksi la printa kama mtu anayeogopa kuibiwa.

Mtaani kwao walimwita Bi Nukta. Kazi yake ilikuwa kuchapa na kusahihisha maandishi ya watu: tasnifu za wanafunzi, ripoti za ofisi, barua za kuomba kazi, hata hotuba za harusi. Alifanyia kazi hiyo nyumbani, na hakuna nukta iliyokaa pasipo pake ikampita. Alikuwa na miaka thelathini na minne, ulimi mkali, na moyo uliowahi kuumizwa mara moja, ukaapa kutorudia.

"Hiyo irudishe," sauti ya kiume ilisema nyuma ya bega lake.

"Kwani umeona imeandikwa jina lako?"

"Jina langu halipo. Lakini nikikuacha uondoke nayo, mwezi ujao utalitafuta ulitukane."

Aligeuka. Kijana wa makamo, shati jeupe la duka lililokunjwa mikono, kalamu mbili mfukoni, na kidole gumba kilichoingia wino wa buluu hadi kwenye ukucha. Alikuwa fundi wa duka, aliyetolewa chumba cha nyuma kuja kusaidia wauzaji siku hiyo. Alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, na Bi Nukta akaona hilo kabla hajataka kuliona.

"Unachapa kurasa ngapi kwa siku?" fundi aliuliza.

"Siku mbaya hamsini. Siku nzuri mia mbili."

"Basi hiyo itakufilisi. Mashine yenyewe rahisi, katriji zake za wino ghali, na zinakauka ukiziangalia vibaya. Usiulize bei ya mashine, uliza bei ya wino. Bei ya mashine ni siku ya harusi tu. Wino ndio ndoa yenyewe."

"Wewe umeoa?"

"Bado."

"Sasa ndoa umeijulia wapi?"

Mteja aliyekuwa karibu akaangua kicheko. Fundi naye akacheka, akampokea boksi bila kuomba ruhusa na kumwongoza hadi kona ya rafu, ambako kulikuwa na mashine mbili za rangi ya majivu zilizofanana kama mapacha. Zote mbili zilijazwa wino wa chupa, akaeleza, na chupa moja inachapa maelfu ya kurasa. Tofauti ilikuwa moja tu. Ya kwanza ilitumia waya. Ya pili ilishika mtandao wa waifai, haikuhitaji waya wowote, na ilizidi bei kidogo.

"Kompyuta yako iko wapi?"

"Chumbani kwangu. Na chumbani hakuna nafasi ya kuweka hata sahani. Printa itakaa sebuleni, dirishani."

"Waya mrefu upo."

"Waya mrefu ulishamwangusha dada yangu akiwa na sufuria la uji wa moto. Yeye ni muuguzi. Ameapa akiona waya mwingine sebuleni ataukata kwa mkasi wa hospitali."

"Nauliza kwa sababu watu wengi hununua ya waifai, halafu wanaishia kuichomeka waya. Kama utaishia kutumia waya, usilipie hewa. Chukua hii ya bei ndogo, inayobaki nunua karatasi."

"Mimi nikisema kitu nimesema," Bi Nukta alijibu. "Nataka isiyo na waya."

Akaichukua. Na fundi, ambaye hakuwa na kawaida ya kwenda majumbani kwa watu, akasikia mdomo wake mwenyewe ukiahidi kwamba Jumamosi atakuja kuifunga bure.

Jumamosi alikuja kweli, shati limepigwa pasi, manukato kidogo kuliko ilivyolazimu kwa kazi ya printa. Dada mtu, mwanamke mnene mwenye sare nyeupe ya kazini, alikaa kwenye kochi na kumsimamia kama mgonjwa aliyekataa dawa.

"Huo nao?" aliuliza, akiuelekezea kidole waya mweusi uliokuwa ndani ya boksi.

"Ni wa dharura tu, dada. Unakuja na kila mashine." Akauviringa, akaufunga kwa raba na kuusukuma nyuma ya droo. Halafu akamgeukia Bi Nukta. "Sasa sikiliza. Hii mashine ina anwani yake ya barua pepe. Mtu akiiandikia kutoka popote, inachapa."

"Na kama nimeizima?"

"Barua zinasubiri. Ikirudi hewani zinatoka zote kwa mfuatano, ya kwanza hadi ya mwisho. Hakuna inayopotea."

"Kwa hiyo wateja wangu wanaweza kunitumia kazi moja kwa moja."

"Wateja, ndiyo," fundi alisema, macho kwenye mashine. "Na watu wengine."

Jumatatu, saa nne kasoro, Bi Nukta alikuwa chumbani akipambana na ripoti ya chama cha akiba na mikopo aliposikia printa ikiguna sebuleni. Hakuwa ameiagiza kitu. Akatoka, akakuta ukurasa mmoja umelala kwenye trei. Ulikuwa na maneno mawili tu.

*Umekunywa chai?*

Akapiga simu dukani.

"Printa yangu imepagawa. Inaniuliza habari za chai."

"Na wewe umeijibu nini?"

"Nimeiambia hayaihusu."

"Ijibu vizuri. Ina dhamana ya mwaka mzima, mtakaa wote."

Alikata simu akicheka peke yake, na ripoti ya chama cha akiba na mikopo ikapata makosa matatu siku ile, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Hivyo ndivyo yalivyoanza, na anwani ile Bi Nukta hakumpa mteja hata mmoja. Wengine hutongozana kwa maua. Hawa walitongozana kwa karatasi nyeupe. Kila siku ya kazi saa nne kasoro mashine iliguna na kutoa ukurasa mmoja: siku moja utani, siku moja swali, siku moja mstari mmoja kumwambia kwamba gauni la kijani lilimfanya asahau bei ya mashine zote dukani. Bi Nukta alizisahihisha kwa kalamu nyekundu, akazipiga picha na kumrudishia. *Koma hapa. Neno hili umelirudia. Maksi sita kwa kumi, na mbili ni za huruma.*

Kulikuwa na kasoro moja. Kila barua iliyotoka kwenye simu ya fundi ilikatika chini. Mashine ilikula mstari wa mwisho, mara zote.

"Barua zako hazina mwenyewe," alimwambia siku moja walipokaa kwenye benchi la bustani, yeye na kitambaa chake cha kichwa cha rangi ya chungwa, fundi na viatu vipya vilivyombana. "Zinaisha hewani. Hapo chini huwa unaandika nini?"

"Siri."

"Fundi!"

"Simu yangu inadhani karatasi ni ndefu kuliko ilivyo. Ni saizi tu, nitairekebisha. Dakika moja haifiki."

"Sasa si uirekebishe?"

"Nikiirekebisha utajua ninachoandika, utaacha kuniuliza. Napenda unavyoniuliza."

Bi Nukta akamfinya mkono. Wakaiacha kasoro iwe mchezo wao, na miezi ikaenda. Bi Nukta, ambaye kwa miaka sita alikuwa amefunga moyo wake na ufunguo akautupa, alianza kuimba akiosha vyombo. Dada mtu alimsikia, akanyamaza, na kwa dada yule kunyamaza kulikuwa baraka. Hatimaye wakapanga: Jumapili ya mwisho wa mwezi fundi angekuja na mjomba wake, waseme rasmi mbele ya dada, kwa kuwa wazazi walishatangulia na dada ndiye aliyekuwa mzazi. Bi Nukta alishona gauni la zambarau. Alihesabu siku kama mtoto.

Alhamisi kabla ya Jumapili ile, printa iliguna saa nane mchana. Haikuwa saa yake. Bi Nukta aliifuata akitabasamu.

Haikuwa barua. Ilikuwa fomu ya kampuni ya duka, yenye muhuri juu na jina la fundi, imejazwa kwa mwandiko aliokuwa akiujua vizuri. *Ombi la kuhamia tawi jipya.* Macho yake, yaliyozoea kupita mstari kwa mstari, yalipita. *Hali ya ndoa: sijaoa. Mchumba: sina. Mtu wa karibu wa kujulishwa: hakuna. Je, uko tayari kuhama wakati wowote bila familia? Ndiyo.* Saini yake. Hapo chini ukurasa ukakatika kama kawaida.

Alisimama dirishani na ile karatasi. Alirudi kwenye neno lile. *Sina.* Herufi nne, hazina kosa la kusahihisha.

Simu ikaita.

"Mpenzi!" Sauti ya fundi ilikuwa juu, ya mtu anayekimbia. "Kuna karatasi imekuja huko kwa bahati mbaya. Nilikuwa naichapa kwa mashine ya ofisini, simu ikaichagua yako. Usiisome, tafadhali. Ichane tu."

"Ina nini?"

"Mambo ya kazini. Nitakueleza Jumapili, nataka nikueleze vizuri. Hujaisoma, sivyo?"

Bi Nukta akaikunja karatasi mara mbili.

"Umekunywa chai?" aliuliza, taratibu sana.

"Nini? Ndiyo. Bi Nukta, uko sawa?"

"Niko sawa."

Akakata. Akafungia namba yake. Kisha akaenda chumbani, akafungua mipangilio ya mtandao na kubadilisha neno la siri, ili simu ya yule mtu isipate tena hata upepo wa nyumba yake. Hakukosea herufi hata moja.

Dada aliporudi kazini alikuta fomu mezani na mdogo wake amekaa sakafuni, gauni la zambarau mapajani, akifumua pindo lake uzi baada ya uzi.

"Ndiyo maana kasema usisome," dada alisema baada ya kuisoma. "Wanaume wa aina hii nawajua. Mguu mmoja kwako, mguu mmoja mlangoni."

"Dada, naomba usiseme kitu."

"Sisemi. Lakini akija mimi ndiye nitakayefungua mlango."

Wala hakuna kati yao aliyejiuliza chini ya fomu kulikuwa na nini. Bi Nukta, mwanamke aliyekuwa akirudisha tasnifu nzima kwa sababu ya tarehe moja, alisahau kutafuta tarehe. Hasira humfanya mtu kipofu wa kazi yake mwenyewe.

Kesho yake kompyuta ikamwambia haiioni printa. Neno la siri lilikuwa jipya, na mashine bado ililijua la zamani. Kuiunganisha upya kulikuwa na hatua zake, na hatua zile alikuwa akizijua fundi. Bi Nukta hakutaka hata kufikiria jina lake. Akavuta droo, akatoa waya mweusi, akafungua raba na kuupitisha ukutani kutoka sebuleni hadi chumbani, ameubandika kwa gundi ya karatasi. Dada aliutazama, akafungua mdomo, akaufunga. Kwa mara ya kwanza alivumilia waya.

Fundi alikuja Jumamosi. Dada alimkuta ngazini, na mazungumzo hayakuchukua dakika mbili. Jumapili haikuja na mjomba wala na mtu yeyote.

Wiki mbili zikapita kimya. Bi Nukta alijikaza kisabuni, akachapa, akasahihisha, akala kidogo. Kila saa nne kasoro shingo yake iligeuka yenyewe kuelekea sebuleni. Mashine ilinyamaza. Hata neno moja hajaniandikia, alijisemea. Hata la kujitetea. Na hilo ndilo lililomuuma kuliko fomu.

Ijumaa moja, saa kumi alasiri, mlango ukagongwa. Bi Nukta alikuwa jikoni akikata vitunguu. Alisikia dada akifungua, na sauti ile.

"Dada, sikuja kubishana. Mwambie tu asome nilichomwandikia."

Kisu kikasimama. Nilichomwandikia! Ana ujasiri wa kunikumbusha ile fomu? Damu ikampanda kichwani, na kabla dada hajajibu, Bi Nukta akapaza sauti kutoka jikoni:

"Mwambie nimesoma! Tena mpaka mwisho!"

Akasubiri kelele, maombi, chochote.

"Sawa," fundi alisema hatimaye. "Nimeelewa. Ahsante, dada."

Viatu vikashuka ngazi, pole pole. Bi Nukta alirudia vitunguu vyake, na machozi alipoyafuta alivilaumu vitunguu. Mwezi uliofuata alienda dukani kununua wino, akaambiwa na muuzaji mgeni kwamba fundi amehamia tawi jipya, mbali, safari ya siku nzima. Akaitikia kwa kichwa. Basi fomu ilisema kweli, alijiambia, na akajisikia mshindi kwa muda wa kutoka kaunta hadi mlangoni.

Miezi minane ikapita.

Asubuhi ile sebuleni alikaa mteja mmoja, mama mtu mzima aliyerudi chuoni akiwa na wajukuu, mwenye miwani mizito na mkoba mapajani. Tasnifu yake ilitakiwa chuoni saa tisa. Dada, aliyekuwa akipiga deki, alijikwaa kwenye waya, printa ikasogea, kitu kikalia *ka!* Kichwa cha waya kilikuwa kimevunjikia ndani ya tundu.

"Nilisema mimi!" dada alifoka, ameshika goti. "Nilisema waya utatuua!"

"Binti yangu," mteja aliuliza kwa sauti ndogo, "na mimi itakuwaje?"

Hapakuwa na njia nyingine. Bi Nukta akavuta droo, akatoa kijitabu cha maelezo. Ukurasa wa tatu ulikuwa na mwandiko wa fundi, wa kalamu ya buluu, wa siku walipokuwa wakipendana: *Hapa ndipo watu wanapokwama. Bonyeza hiki, hesabu hadi tano, usiwe na haraka, mpenzi.* Akabana midomo. Akabonyeza, akahesabu hadi tano, akaandika neno jipya la siri. Taa ya kijani ikapepesa mara tatu na kutulia.

Halafu printa ikaguna.

"Hiyo yangu!" mteja alifurahi, akanyanyuka na kuuchukua ukurasa wa kwanza. Akaweka miwani sawa. "Lakini hii siyo tasnifu. Inasema, *Bi Nukta, namba yangu umeifungia...*"

Bi Nukta aliichukua mkononi mwake kabla hajamaliza.

*Bi Nukta, namba yangu umeifungia, sawa. Mashine hujaifungia, kwa hiyo naandika. Leo nimerekebisha saizi ya karatasi. Nilipaswa kufanya hivyo siku ile ile uliponiambia. Sasa soma mpaka chini.*

Akasoma mpaka chini. Kwa mara ya kwanza mstari wa mwisho ulikuwepo.

*Wako, Fundi.*

Ukurasa wa pili ulikuwa fomu ile ile. Hapo chini, chini ya saini, mstari uliokuwa umeliwa: tarehe. Ilikuwa ya miaka miwili kabla ya siku ya punguzo la bei. Miaka miwili kabla hajamwona mwanamke yeyote mwenye gauni la kijani.

Akakaa kwenye mkono wa kochi. Mashine iliendelea.

*Fomu hii niliijaza nikiwa sina mtu kweli. Juzi kampuni wameikumbuka, wakasema nithibitishe au nijaze upya. Niliichapa ili nikate lile "sina" na kukuandika wewe. Nilitaka Jumapili nikuletee mpya, mbele ya dada yako. Ndiyo maana nilisema usisome. Nilikuwa mjinga, nilitaka kukushangaza. Wako.*

*Leo nimepita chini ya dirisha lako. Taa ya chumbani ilikuwa inawaka mchana. Unaharibu macho. Wako.*

*Umekunywa chai? Wako.*

*Umekunywa chai? Wako.*

*Nisahihishe hata kwa kalamu nyekundu. Nipe hata maksi mbili za huruma. Wako.*

*Nakuuliza kwa maandishi, kwa kuwa mdomo hunipi nafasi: utakubali niwe mume wako? Kama ni ndiyo, nakataa uhamisho kesho yake. Sitaki tawi, sitaki cheo. Wako.*

Na wa tisa, wa mwisho:

*Kesho Ijumaa saa kumi nitakuja mlangoni. Najua una kazi nyingi, mashine yako haizimwi, kwa hiyo haya yote yamekufikia. Kama jibu ni hapana, usijisumbue kunieleza. Niambie tu kwamba umesoma. Nitaelewa, na sitakusumbua tena. Wako, popote nitakapokuwa. Fundi.*

Mashine ikanyamaza. Kisha, bila haya, ikaanza kutoa tasnifu ya mteja, ukurasa wa kwanza, ukurasa wa pili, kuhusu ufugaji wa kuku.

Dada alikuwa ameziokota karatasi moja moja. Alipofika ya tisa alikaa chini pale pale kwenye maji ya deki, na sare yake.

"Mdogo wangu," alisema. "Mimi nilikuwa nimeshika mlango. Nilimwona uso wake. Nilidhani ni aibu."

Bi Nukta alikwenda chumbani, akafunga mlango, akaifungulia ile namba na kuipiga. Iliita mara nne.

"Haloo?"

Sauti ilikuwa ile ile.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

"Fundi."

Kwa mbali alisikia kijiko kikigonga kikombe.

"Bi Nukta."

"Sikuwa nimesoma," alisema, na maneno yakamtoka yote kwa pamoja. "Nilibadilisha neno la siri, mashine ikatoka hewani, nikatumia waya. Ule wa dharura. Miezi minane natumia waya, Fundi. Barua zako zimetoka leo, sasa hivi, zote tisa. Siku ile niliposema nimesoma, nilikuwa nasema fomu. Sikujua kuna kingine."

"Waya?"

"Waya."

Alisikia pumzi yake. Alisikia akicheka kidogo, kicheko kibaya kisicho na furaha ndani yake.

"Nilikwambia usilipie hewa," alisema. "Mimi fundi mzima, nikafikiria kila kitu. Nikafikiria umenichukia, umepata mtu, umezichana. Waya haukunijia kichwani hata siku moja."

"Jibu lilikuwa ndiyo," Bi Nukta alisema. "Ungeuliza kwa mdomo, ungeuliza kwa karatasi, lilikuwa ndiyo. Nataka ulijue, hata kama..." Akasita. "Hata kama nini, Fundi?"

Hakujibu haraka, na katika kuchelewa kule Bi Nukta alijua.

"Nimeoa," alisema. "Mwezi wa pili huu. Ni mtu mwema. Hana kosa lolote, usimfikirie vibaya."

"Simfikirii vibaya."

"Ningekungoja. Mungu anajua ningekungoja mwaka, kama usingesema umesoma."

"Najua. Niliambiwa niseme nini na nikasema."

Sauti ya mwanamke ikasikika upande wa pili, nyororo, ya mtu aliyezoea kuitikiwa: "Nani huyo, mume wangu?"

Fundi aliweka kiganja kwenye simu, lakini si vizuri. Bi Nukta alisikia kila neno.

"Mteja wangu wa zamani. Printa yake ilikuwa inasumbua."

Aliporudi kwenye simu sauti ilikuwa imebadilika, ya chini sana.

"Imetengemaa sasa?"

"Imetengemaa."

"Haili tena mstari wa chini?"

"Haili. Nimeuona." Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. "Kunywa chai yako, Fundi. Itapoa."

Akawa wa kwanza kukata, kwa sababu mmoja wao alipaswa. Alirudi sebuleni akiwa ameosha uso, akampangia mama mtu mzima tasnifu yake, akaona koma iliyokosekana ukurasa wa kumi na saba na kuirekebisha. Mteja alimshika mkono mlangoni, kisha akashuka ngazi zake.

Zile karatasi tisa Bi Nukta hakuzichana wala hakuzisahihisha. Waya uliovunjika dada aliukata vipande kwa mkasi wa hospitali, kama alivyoapa, akautupa.

Tangu siku ile printa ya dirishani haizimwi. Bi Nukta akienda sokoni inawaka, akilala inawaka, trei imejaa karatasi nyeupe na wino umefika juu, na inapofika saa nne kasoro yeye huacha anachokifanya, hata kama ni sentensi nusu, akasikiliza. Wateja wakimuuliza kwa nini anapoteza umeme hivyo, huwajibu kwamba swichi imeharibika, na kwamba yuko mbioni kutafuta fundi.